Ng'ombe wa Shangazi kwa Masikio ya Shaba

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nakupa kwa kifupi, kwa sababu hasira niliyonayo hainiruhusu kurudia yote.

Naitwa Zita. Naishi Shirimatunda, hapa Moshi, na mume wangu Jovin, anayeongoza watalii mlimani. Mtalii mmoja alimwachia zawadi ya mdoli mdogo wa manyoya, wa kuning'iniza kwenye begi. Unaitwa Bimbi. Tangu siku hiyo mume wangu akanipotea.

Bimbi huuzwa ndani ya boksi lililofungwa. Hujui umepata yupi mpaka ulipe na kufungua. Wote wana sura moja, meno yaleyale, tumbo lilelile. Tofauti yao ni rangi tu. Na yupo mmoja adimu, mwenye masikio ya rangi ya shaba, ambaye watu wanamtafuta kama dawa ya mgonjwa mahututi.

Wiki iliyopita nilirudi kutoka jumuiya nikakuta zizi liko wazi. Jovin alikuwa amekaa sebuleni, amemshika huyo wa masikio ya shaba kwa vidole viwili, anatabasamu. Alikuwa amembadilisha na ng'ombe.

Ng'ombe mzima! Mwenye maziwa! Na tena si wetu!

Sista ni ng'ombe wa Shangazi Victoria, dada wa marehemu baba yangu, anayekaa Kibosho. Tulimwita Sista kwa sababu alizaliwa kwenye zizi la masista. Shangazi alimwekesha kwetu. Kwetu ndivyo tunavyoishi: mwenye ng'ombe wengi humpelekea ndugu yake mmoja amtunze. Unamkatia majani, maziwa unakunywa wewe, mbolea inakwenda kwenye migomba yako. Ndama ni wa mwenyewe. Hata mtoto wa chekechea anajua kwamba ng'ombe wa kuwekeshwa hauzwi.

"Tumemlelea shangazi yako ndama watatu," Jovin aliniambia bila aibu. "Desturi inasema mlezi naye hupewa wake. Ametupa? Hajatupa. Nimejilipa."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba maneno yale yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikinung'unika jikoni kwamba shangazi anatusahau. Lakini jamani, kunung'unika ndiyo kuuza?

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa sikia yaliyofuata.

Shangazi alipiga simu asubuhi ya Ijumaa.

"Zita, mwanangu, Flavia amejifungua! Mapacha!"

Flavia ni mkwe wake, mke wa kitindamimba wake. Nikashangilia kama inavyotakiwa.

"Sasa ng'ombe wangu wa hapa amekauka," akaendelea. "Mzazi anakula mtori mkavu, ndizi tupu bila maziwa, watoto wawili wanamnyonya, maziwa hayamtoki. Jumapili baada ya misa ya kwanza nakuja na watu kumchukua Sista. Mtanivumilia kwa muda."

"Sawa, shangazi," nikasema.

Nikakata simu. Nikakaa chini palepale nje ya zizi tupu.

Jovin alikuwa bafuni. Sikumsubiri. Nilimtoa Bimbi kwenye kabati la vioo, nikamtia kwenye mkoba pamoja na vitunguu, nikaelekea mjini.

Aliyemchukua Sista ni kijana anaitwa Primus, mwenye duka la vifaa vya simu karibu na stendi. Ndiye anayewauzia vijana wa Moshi hao Bimbi. Nilimkuta amezungukwa na wateja, kelele tupu.

"Karibu mama, unataka kava?"

"Nataka ng'ombe."

Kelele zikapungua. Nikamweka Bimbi juu ya kioo cha meza yake. Ganda la kitunguu lilikuwa limemganda kichwani.

"Aa, shemeji!" Primus akanitambua. Akalipeperusha lile ganda kwa pumzi, kama anampulizia mtoto mchanga. "Usimshike masikio, shemeji. Mafuta ya mkono yanamharibu."

"Chukua mdoli wako. Nirudishie ng'ombe."

"Biashara ilishaisha, shemeji. Na mzee Jovin kafanya akili kubwa. Ng'ombe anazeeka. Huyu hazeeki. Mwakani thamani yake ni ng'ombe wawili."

"Kwani anazaa?"

Vijana wakacheka.

"Hazai. Anapanda bei."

"Vizuri sana. Basi mchukue wewe. Mwakani upate ng'ombe wawili. Faida yote nakuachia, sitaki hata mkia. Nipe huyo mmoja wa leo."

Primus akamsogeza Bimbi upande wangu.

"Haiendi hivyo, shemeji. Mimi mfanyabiashara, mzigo lazima uzunguke."

"Mzigo wenye faida ya ng'ombe mzima unaukataaje?"

Nikawageukia wateja wake. Palikuwa na binti wa chuo, baadaye nikajua anaitwa Brenda, mwenye Bimbi wa kijivu kwenye begi lake.

"Wewe binti. Huyu wangu na huyo wako wana tofauti gani?"

"Huyo adimu, mama! Huyo noma! Wangu wa kawaida tu, yuko kila mahali. Huyo hata kumwona kwa macho ni bahati."

"Ungekuwa na mbuzi, ungenipa nikupe huyu?"

Akafikiri kwa dhati, namsifu kwa hilo.

"Mbuzi?" akasema. "Hapana, mama. Mbuzi ningemla Krismasi."

"Wewe je?" nikamwuliza kijana mwenye kofia. "Kuku?"

"Kuku wa kienyeji au wa kisasa?"

"Wa kienyeji."

"Wa kienyeji hapana. Ni ghali."

Duka zima lilikubali kwamba masikio yale yana thamani ya ng'ombe, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kutoa kuku. Nikapiga meza kwa kiganja.

"Mnasikia wenyewe? Mmeambiana ni ghali mpaka mkaamini! Anayekuja kubeba ng'ombe wa kweli ni mmoja tu, na anayebaki na kitambaa ni mume wangu!"

Primus aliona biashara inaharibika. Akainama, akanong'ona.

"Sawa, shemeji, yaishe. Lete boksi lake na ile kadi ya ndani, tuzungumze."

"Boksi la nini?"

"Boksi alilokuja nalo. Kwa hawa adimu, boksi ni nusu ya thamani. Bila boksi hata mimi simgusi."

Msomaji, ngoja nikuambie habari ya boksi. Siku ile Jovin alilipanga kwenye kabati, katikati ya vyombo tulivyopewa siku ya harusi yetu. Akamsogeza pembeni Bikira Maria wa mama yangu ili boksi lipate nafasi. Nililitoa nikawashia jiko. Na kadi yake ndani. Liliwaka vizuri sana, sitasema uongo.

"Nimelichoma," nikasema.

Vijana wakashika vichwa. Brenda alifunika mdomo kama ameambiwa nimechoma kanisa.

"Shemeji," Primus akasema kwa huruma ya kinafiki, "umechoma nusu ya ng'ombe."

Nilimjibu maneno ambayo mhariri amekataa kuyachapa. Karatasi! Karatasi ngumu yenye picha, ndiyo nusu ya ng'ombe! Nyuma au mbele? Kwato au kiwele? Nilimwuliza hayo na mengine, na kila nilivyopaza sauti ndivyo wateja walivyopungua.

"Ng'ombe hayuko kwangu!" mwishowe akafoka. "Yuko kwa mama yangu, kule Bomang'ombe. Kama unamtaka kamwombe yeye!"

Alidhani sitakwenda. Nilikwenda.

Sikuhitaji kuulizia nyumba mara mbili. Nilimsikia Sista kabla sijafika getini, anaita ile sauti ya ng'ombe ambaye kiwele kimejaa na hakuna wa kumkamua. Ndani nilimkuta mama mtu mzima, Mama Elisifa, amekaa kwenye kigoda amejifunga kitambaa mguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

"Mimi ndiye ninayemkamua huyo ng'ombe."

"Bwana asifiwe!" Akanyanyua mguu wenye kitambaa. "Tangu ameletwa amekataa mikono ya kila mtu. Jana kanipiga teke nikarudi nyuma mpaka ukutani. Mkamue, tafadhali, mnyama anateseka."

Sista aliponinusa akatulia. Nilimkamua nikiwa nalia, sioni aibu kusema. Mama Elisifa akachemsha chai ya yale maziwa, akanipa kikombe. Hebu fikiria: nakunywa maziwa ya ng'ombe wangu kama mgeni, nashukuru!

Kisha nikamweleza. Nilipofika kwenye neno kuwekeshwa, aliweka kikombe chini.

"Amewekeshwa?"

"Ndiyo, mama. Ni wa shangazi yangu wa Kibosho."

"Primus kaniambia amenunua kwa mwenyewe."

Akachukua simu. Primus alipopokea hakupewa nafasi hata ya kuamkia.

"Umeniletea ng'ombe wa kuwekeshwa? Kwenye zizi la baba yako? Unataka nisemwe kanisani kwamba mke wa marehemu Eliezeri anafuga mali ya ukoo wa watu? Nyamaza! Nimesema nyamaza. Mdoli? Mdoli gani? Wewe una ndevu, Primus!"

Moyo wangu ukachanua. Nikasema moyoni, hapa nimepata mtu. Nikainuka, nikafungua kamba ya Sista.

"Unafanya nini?" Mama Elisifa akauliza.

"Nampeleka nyumbani, mama. Asante sana."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwangu."

"Kwa yule aliyemtoa?" Akaichukua kamba mkononi mwangu, taratibu, akaifunga tena. "Hapana, mwanangu. Wewe nakuamini, lakini nyumba yako siiamini. Ng'ombe wa kuwekeshwa aliyeuzwa na mlezi harudi kwa mlezi. Mwenyewe aje, nimkabidhi kamba mkononi, mbele ya watu. Nisije nikaambiwa kesho ameuzwa tena kwa mdoli mwingine."

"Mama, akija yeye atajua kila kitu!"

"Si ndiyo maana yake?"

Nilibembeleza. Nilipiga magoti kwenye samadi. Alinifungia maziwa kwenye chupa, akanisindikiza mpaka getini, akaniombea. Ng'ombe hakunipa.

Usiku ule Jovin alinigombeza kwa saa nzima. Unadhani ni kwa ajili ya Sista? Alitaka kujua kwa nini Bimbi ananuka kitunguu.

Jumamosi asubuhi nilipanda Kibosho, ile chupa ya maziwa mkononi na Bimbi ndani ya mkoba. Nilikuwa nimeamua. Heri shangazi asikie kwangu kuliko akute zizi tupu mbele ya watu wake.

Nilimkuta uani anamenya ndizi za mtori wa mzazi. Kutoka ndani vilio viwili vilipishana, vichanga wana njaa.

Nilimsalimu, nikampa maziwa, nikasema yote. Sikumficha kitu, hata boksi.

Shangazi Victoria alimaliza kumenya ndizi aliyoishika. Kisha akanyoosha kiganja.

"Nikione hicho kitu."

Nikampa Bimbi. Akamgeuza, akamtazama miguu, akamtazama chini kama anakagua ndama.

"Kinaimba?"

"Hapana, shangazi."

"Kinatembea?"

"Hapana."

"Watoto wanakichezea?"

"Hawaruhusiwi. Wakikichezea kinapoteza thamani."

"Kwa hiyo ni cha kuchezea, na hakichezewi."

"Ndiyo, shangazi."

Akamweka juu ya meza, kando ya maganda ya ndizi. Nilisubiri anilaani. Badala yake alisema kwa sauti ya chini, na sauti ile iliniumiza kuliko kelele.

"Ni kweli mnanidai ndama. Mumeo hakudanganya kwa hilo. Sista ana mimba, umeshajua?"

"Nimejua, shangazi."

"Huyo aliye tumboni nilishasema ni wenu. Nimewaambia baba zako wakubwa na wadogo wote. Nilikuwa nasubiri azaliwe nije na pombe ya mbege tuwakabidhi kwa heshima, msije mkaona nimewarushia kama mfupa." Akachukua ndizi nyingine, akaanza kuimenya. "Jovin ameuza ndama wake mwenyewe akiwa tumboni."

Hapo, msomaji, nilitamani mume wangu awe karibu nimpige kwa kigoda cha shangazi. Miaka yote tunasubiri ndama! Alikuwa ndani ya ng'ombe yuleyule, na mjinga akampandisha kwenye gari, akafunga mlango, akapunga mkono!

"Wewe hukuuza," shangazi akaniambia. "Kaa. Msaidie Flavia na watoto. Aliyekosa ndiye atakayekuja kusema amekosa."

Hata sijamaliza kuwafunga watoto nepi tukasikia gari. Nikachungulia. Lilikuwa gari la Primus, na aliyeruka kutoka kiti cha mbele kabla halijasimama ni Jovin.

Nikadhani amekuja kupiga magoti. Kweli nilidhani hivyo. Ni ujinga wa mwanamke aliyeolewa kanisani.

"Zita! Bimbi yuko wapi?"

Hakumsalimu shangazi. Hakuuliza mapacha. Majirani walikuwa wameanza kusogea, kwa sababu Kibosho gari likiingia uani kwa kasi ni lazima kuna jambo.

"Mteja amepatikana!" Jovin alikuwa anahema kwa furaha. "Mtalii, ameshuka mlimani leo, yuko hotelini mjini, kesho alfajiri anaondoka. Anamtaka wa masikio ya shaba, hata bila boksi! Bei yake ng'ombe wawili, Zita. Wawili! Nilikwambia au sikukwambia?"

Primus naye akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa ametumwa na mama yake kumfuata mwenye ng'ombe, lakini macho yake hayakuwa ya mtu aliyetumwa na mama.

Nakiri, moyo uliyumba. Ng'ombe wawili! Kwa dakika ile nilijiuliza kama mjinga wa nyumba yetu nilikuwa mimi.

Shangazi aliinuka. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Hujanisalimia, Jovin."

"Oo, samahani. Shikamoo, shangazi."

"Sikuitikii. Huyo mteja mmemwona?"

"Ametuma ujumbe," Primus akasema.

"Ametoa hela?"

"Atatoa akimwona Bimbi kwa macho."

"Haya." Shangazi akamchukua Bimbi mezani, akamweka juu ya kiganja chake kilichojaa utomvu wa ndizi. Jovin aliguna kama amekanyagwa. "Nisikilize vizuri, na hawa majirani wasikie. Masale yale pale mpakani, majani ya kuombea msamaha tangu enzi za babu zetu. Nenda ukakate jani, urudi nalo mkononi, useme umekosa. Nikipokea isale, yamekwisha. Siwezi kulikataa na sitalikataa. Sista nitamfuata Bomang'ombe mwenyewe, mke wako atarudi Shirimatunda, na ndama akizaliwa ni wenu kama nilivyosema."

"Asante, shangazi, nita…"

"Sijamaliza. Au umchukue huyu, uende kwa mteja wako, ununue ng'ombe wawili, ununue kumi. Lakini Zita anabaki hapa kwao, na isale lako sitalipokea tena. Huwezi kuja kutubu kwangu huku gari linanguruma linakusubiri ukauze. Chagua kimoja."

Majirani wakasogea karibu zaidi. Hata Primus alizima gari.

Mimi nilisimama mlangoni na kichanga begani. Sikumwomba. Niliapa sitamwomba. Nilimtazama tu mwanaume niliyeapa naye mbele ya padri, nikamwona anatazama masale pale mpakani, kisha ananitazama mimi, kisha macho yanateleza mpaka kwenye kile kiganja na kubaki hapo.

Akalamba midomo.

"Shangazi," akasema, "naomba kwanza nimpigie mteja."